Kabla ya kutembea na alpaka, vua viatu kwanza

Na Daktari Wetu

MZEE mmoja mstaafu, mkazi wa mtaa wa Buruburu jijini Nairobi, alifika katika kliniki yangu mwezi wa Aprili mwaka 2024 akiwa na swali ambalo sijawahi kuulizwa tangu nianze kazi hii ya udaktari.

"Daktari," akaniuliza, "mtu wa presha na sukari anaweza kutembea na alpaka?"

Nilidhani ni aina mpya ya viatu. Mzee akacheka, akatoa simu mfukoni na kunionyesha picha aliyotumiwa na bintiye ambaye ni muuguzi katika eneo la Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Mnyama mwenye shingo ndefu, manyoya mengi kama kondoo na uso unaofanana na wa ngamia alikuwa amefungwa kamba. Aliyeshika kamba hiyo ni mjukuu wa mzee, amevaa gambuti. Binti alikuwa tayari amemnunulia babake tikiti ya ndege, na katika mipango ya likizo alikuwa amelipia matembezi ya jamii nzima mashambani pamoja na wanyama hao.

"Unaweza, mzee," nikamjibu, "lakini kwanza vua viatu."

Alinitazama kwa mshangao, akavua. Chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia kulikuwa na kidonda kipana kama sarafu ya shilingi moja, na soksi ilikuwa imegandamana nacho. Mzee hakuwa na habari. Hakuwa amesikia uchungu wowote.

Makala ya leo nayaandika kwa ajili ya mzee huyo na wazazi wengine wengi wa humu nchini ambao hualikwa ng'ambo na watoto wao, na kujikuta wakitembezwa kwa miguu kilomita nyingi kuliko walizotembea kwa muda wa miaka kumi. Matembezi haya ni mema. Lakini kama wasemavyo wahenga, tahadhari kabla ya hatari.

Ni wanyama gani hawa?

Alpaka na lama ni wanyama wa milima ya Andes, huko Amerika Kusini, hasa katika nchi za Peru na Bolivia. Ni wa ukoo mmoja na ngamia wetu wa Marsabit na Wajir, ila hawana nundu. Wenyeji wa milima hiyo waliwafuga kwa maelfu ya miaka kabla ya Wazungu kufika huko: lama kwa kubeba mizigo, alpaka kwa sufu yake laini.

Lama ndiye mkubwa. Aliyekomaa huweza kuwa na uzito wa kilo 130 hadi 200. Alpaka ni mdogo, kilo 50 hadi 85 hivi, karibu sawa na mtu mzima.

Sufu ya alpaka ilifika katika viwanda vya Uingereza karne ya 19. Bwana mmoja aliyeitwa Titus Salt alijipatia utajiri mkubwa kwa kuifuma huko Bradford, Yorkshire. Siku hizi wanyama wenyewe wamejaa katika mashamba ya nchi hiyo, na wakulima wengi hupata pesa kwa kuwakodisha kwa matembezi. Hakuna anayempanda mnyama. Kila mgeni hupewa wake, akamwongoza kwa kamba akifuata kiongozi wa msafara, na kwa kawaida safari huchukua saa moja au mbili.

Faida ya mwendo wa pole

Msomaji atauliza, mnyama wa nini katika kutembea? Mnyama huyu hana dawa yoyote mwilini mwake ya kumponya mtu. Faida yake ni mwendo wake.

Alpaka haendi mbio. Hutembea kidogo, akasimama kung'ata nyasi, akatazama huku na huku, kisha akaendelea. Mtu mwenye uzito mwingi au aliyezoea kukaa kitako mchana kutwa hulazimika kufuata mwendo huo, na huo hasa ndio mwendo ambao madaktari huwaagiza wagonjwa wao waanze nao. Mwenda pole hajikwai.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linapendekeza kwamba mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki. Misuli ya miguu inapofanya kazi hufyonza sukari kutoka katika damu. Mishipa hulegea, na presha hushuka polepole kadiri mtu anavyoendelea na mazoezi wiki baada ya wiki. Usingizi huwa mzuri, na moyo hupata nguvu.

Utajuaje kama mwendo wako ni wa wastani? Zungumza na mwenzako. Ukiweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, hapo ni sawa. Ukishindwa kumaliza sentensi bila kuhema, simama.

Lakini matembezi ya siku moja hayatoshi, na mwili usiozoea hauwezi kuamka tu asubuhi moja ukapanda vilima vya Yorkshire. Anza nyumbani wiki sita kabla ya safari. Tembea dakika kumi kila siku mahali tambarare. Kila baada ya siku chache ongeza dakika tano, hadi ufikie dakika 45 bila taabu.

Usianze kabla ya kumwona daktari iwapo unapata maumivu au mkazo kifuani unapotembea, ukihema ukipanda ngazi chache, ikiwa presha yako imepanda kufikia 180 kwa 110, au ikiwa una kidonda mguuni.

Kwa nini hakusikia uchungu?

Sukari ikiwa juu katika damu kwa miaka mingi huharibu neva, yaani nyuzi zinazopeleka habari kwenye ubongo. Neva za nyayo huathirika mapema kwa sababu ndizo ndefu kuliko zote. Kwanza mgonjwa husikia ganzi, au kama anachomwa na sindano, hasa usiku. Baadaye hasikii chochote. Wakati huohuo mishipa ya damu ya miguu huwa myembamba, kwa hivyo kidonda kikitokea hukosa damu ya kutosha ya kukiponya.

Mtu wa namna hii akiingiwa na kijiwe kidogo katika gambuti, atatembea nacho kilomita tano. Jioni akivua viatu, atakuta ngozi imechubuka. Asipokiangalia kidonda hicho, viini huingia, na mguu waweza kuoza hadi ukakatwa. Nimewaona wagonjwa waliofikia hatua hiyo, na wengi wao walianza na kidonda kidogo kama kile cha mzee wa Buruburu.

Kwa hivyo, mwenye ugonjwa wa kisukari azingatie haya:

• Angalia nyayo zako na katikati ya vidole kila jioni. Ukishindwa kuinama, tumia kioo au umwombe mtu wa nyumbani.

• Usivae viatu vipya siku ya safari. Vinunue mapema, jioni wakati miguu imevimba kidogo, na uvivae nyumbani kwa muda mfupi mfupi hadi vizoeane na mguu.

• Gambuti la kuazima halifai. Hukosa kushika kifundo cha mguu, husugua kisigino na huruhusu mguu kucheza ndani. Tafuta viatu vya kamba vyenye soli isiyoteleza, kwani njia za mashambani huko huwa na matope karibu mwaka mzima.

• Kabla ya kuvaa kiatu, kipindue na ukikung'ute. Tia mkono ndani upapase.

• Vaa soksi nene zisizo na mshono unaosugua, na uchukue jozi nyingine. Soksi ikilowa, badilisha mara moja.

• Ukipata lengelenge, usilipasue. Lifunike kwa bendeji safi na ukatishe matembezi.

Dawa na kitu kitamu

Anayetumia insulini, au tembe kama vile glibenklamidi, aweza kushukiwa na sukari akiwa njiani. Dalili zake ni kutetemeka, kutokwa na jasho jembamba, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio, na kuongea mambo yasiyoeleweka. Baadhi ya dawa za presha huweza kuficha dalili hizo, hasa kule kutetemeka na mapigo ya moyo.

Kula kabla ya kuondoka. Chukua mfukoni vidonge vya glukosi au vijiko vinne vidogo vya sukari vilivyofungwa katika karatasi. Dalili zikianza, simama, mpe mwingine kamba ya mnyama, ule sukari hiyo kisha ungoje dakika 15. Ukipata nafuu kula kitu cha kushibisha kama vile mkate au ndizi. Usipopata, rudia na umwarifu kiongozi.

Usitegemee soda. Tangu Uingereza ianze kutoza ushuru wa vinywaji vyenye sukari mwezi Aprili 2018, watengenezaji wengi wamepunguza sukari katika chupa zao. Soda unayoijua hapa nyumbani huenda isiwe na nguvu ileile kule.

Dawa zote zisafiri katika mkoba wa mkononi, si katika sanduku linalopakiwa chini ya ndege. Uwe na barua ya daktari yenye majina halisi ya dawa, kwani majina ya biashara hutofautiana kutoka nchi moja hadi nyingine.

Baridi na presha

Nairobi iko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Mashamba mengi ya Uingereza yako chini zaidi, kwa hivyo pumzi haitakuwa shida. Shida ni baridi na upepo.

Baridi hubana mishipa ya damu, presha ikapanda na moyo ukalazimika kufanya kazi zaidi. Mwenye ugonjwa wa moyo anaweza kupata maumivu ya kifua akipanda kilima kidogo tu dhidi ya upepo. Vaa nguo nyepesi kadhaa moja juu ya nyingine badala ya koti moja zito, ili uweze kupunguza ukipata joto. Koti la juu liwe la kuzuia mvua. Funika kichwa na mikono. Ikiwa daktari wako amekupa dawa ya kuweka chini ya ulimi, iwe mfukoni, wala si ndani ya gari.

Kumbuka pia kwamba mwezi wa Desemba jua la Yorkshire hutua kabla ya saa kumi jioni. Matembezi ya mchana yawe ya mapema.

Mwenye pumu asisahau kivutio chake. Hewa ya baridi, chavua ya nyasi miezi ya Mei hadi Julai, na vumbi la nyasi kavu zizini huweza kuamsha ugonjwa.

Adabu za alpaka

Mnyama huyu ni mpole lakini ni mwoga. Huishi kwa kundi, na akitengwa na wenzake huingiwa na wasiwasi. Usimpite mbele kwa kasi wala usimtenge na msafara.

Usimpapase kichwani, mkiani wala miguu ya nyuma. Ukiruhusiwa, mguse shingoni au begani. Usipite nyuma yake karibu, kwani anaweza kupiga teke. Akilaza masikio nyuma na kuinua kidevu, rudi nyuma: yuko karibu kutema mate. Mate hayo hutoka tumboni pamoja na nyasi, yananuka, lakini hayana sumu. Yakiingia machoni osha kwa maji mengi safi.

La muhimu kupita yote ni hili: usijizungushie kamba mkononi wala kiunoni. Mnyama wa kilo 70 akishtushwa na mbwa atakukokota. Mama wa miaka 60 ambaye mifupa yake imepungua nguvu anaweza kuvunjika kifundo cha mkono au nyonga kwa kuanguka mara moja. Shika kamba kwa kuikunja kiganjani, na mnyama akiruka, iachilie. Kiongozi atamkamata. Kama mna lama na alpaka pamoja, wazee na watoto wapewe alpaka.

Mikono na sabuni

Wanyama wa shambani, hata wale wenye afya nzuri, huweza kubeba katika kinyesi chao viini vinavyomdhuru binadamu. Kimoja ni bakteria aitwaye E. koli O157. Mwaka 2009 watu 93 waliugua baada ya kutembelea shamba moja la wageni katika jimbo la Surrey, na wengi wao walikuwa watoto wadogo. Kiini hiki huleta kuhara damu, na kwa watoto wengine huharibu figo.

Kinga yake ni rahisi. Baada ya kumgusa mnyama, kamba au hata gambuti lenye matope, nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka kabla ya kula au kunywa chochote. Dawa ya kupaka mikononi isiyohitaji maji haichukui nafasi ya sabuni hapa. Mtoto asinyonye kidole wala kula biskuti akiwa ameshika kamba. Akihara damu baada ya ziara, mpeleke hospitalini, na usimpe dawa ya kufunga tumbo.

Mama mjamzito asikaribie kondoo wanaozaa wala wanakondoo wachanga, ambao hupatikana kwa wingi mashambani majira ya kuchipua, kwa sababu baadhi ya viini vyao huweza kuharibu mimba.

Kupe wa nyasi ndefu

Katika nyasi na vichaka vya Uingereza kuna kupe wadogo sana, wengine kama mbegu ya simsim. Baadhi yao huambukiza ugonjwa wa Lyme. Ingiza suruali ndani ya soksi. Jioni jikague nyuma ya magoti, kinenani, kwapani na kiunoni, na watoto wakaguliwe pia kichwani. Ukimpata kupe, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi umvute moja kwa moja. Usimchome kwa moto wala kumpaka mafuta.

Dalili ya kwanza kwa wengi ni duara linalopanuka polepole mahali alipouma, kati ya siku tatu na mwezi mmoja baadaye. Vitabu vingi husema duara hilo ni jekundu. Katika ngozi yetu nyeusi wekundu huo hauonekani vyema. Huenda likafanana na alama ya kugongwa. Ugonjwa huu hutibiwa kwa viuavijasumu, na ukiwahi hupona vizuri.

Homa ya huko, homa ya hapa

Hili ndilo ningependa kila msafiri alikate na kulibandika katika paspoti yake.

Ukitoka Kenya na kupata homa ukiwa Uingereza, usiseme ni mafua ya baridi tu. Huenda uliumwa na mbu Kisumu, Busia au Kilifi ulipokwenda kuwaaga jamaa, na malaria ikajitokeza wiki kadhaa baadaye. Daktari wa huko huona wagonjwa wachache wa malaria na huenda asiifikirie. Mwambie mwenyewe, "Nimetoka katika nchi yenye malaria," na uombe damu ipimwe siku hiyohiyo. Malaria haingoji.

Na ukirudi nyumbani ukapata homa, uchovu na maumivu ya viungo, pimwa malaria, lakini umweleze daktari wako pia kwamba ulitembea mashambani ng'ambo na pengine uliumwa na kupe. Asipojua ulikotoka hawezi kuupima ugonjwa asioufikiria.

Nambari ya dharura huko ni 999. Matibabu katika chumba cha dharura hayalipishwi, lakini mgeni akilazwa wodini gharama huwa kubwa mno. Kata bima ya safari, na usiifiche presha wala sukari unapojaza fomu, la sivyo bima yaweza kukataa kulipa.

Na asiye na tikiti?

Huhitaji kwenda Ulaya. Binamu wa alpaka tunao hapa. Katika Laikipia na Samburu kuna matembezi ya kuongozwa, ngamia wakibeba mizigo na wageni wakienda kwa miguu. Masharti ya miguu, dawa na sabuni ni yaleyale, ila badala ya baridi utajikinga na jua kali kwa maji mengi na kofia pana. Na ukikaribishwa maziwa ya ngamia, omba yachemshwe kwanza. Wenyeji hawatakasirika ukiwaambia ni agizo la daktari.

Asiyefika huko ana Karura, Uhuru Park au barabara ya mtaani kwake asubuhi.

Mzee wetu je? Kidonda chake kilichukua wiki saba kufunga. Alivaa kiatu maalumu, akaosha na kufunga kidonda kila siku, na tukarekebisha dawa zake za sukari. Tikiti ya Mei ikabidi isogezwe hadi Septemba. Binti yake alinipigia simu akiwa amekasirika kidogo kwa pesa alizopoteza. Nilipomweleza hali ya mguu wa babake alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Asante daktari, mimi ni muuguzi na sikuwahi kumwambia avue viatu."

Mzee alikwenda. Alitembea nusu ya njia, akaketi juu ya ukuta wa mawe kumsubiri mjukuu, na jioni akaikagua miguu yake. Haikuwa na alama. Siku hizi hutembea dakika arobaini kila asubuhi hapa Buruburu, bila alpaka.

Wewe pia, msomaji, leo jioni kabla ya kulala, keti kitandani, washa taa na uangalie nyayo zako.